Shangazi Alipoandaliwa Mikia

Niliuona mfuko kwanza. Shangazi aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya lango letu alikuwa na ndoo yenye kifuniko, pochi yake ya kanisani kwapani, na ule mfuko mkubwa wa mistari ambao watu hubebea nguo wakihama. Ulikuwa mtupu. Alikuwa ameukunja vizuri na kuufunga kwa kamba, na nilijua hapo hapo kwamba aliuleta kwa ajili ya nguo zangu.

Shangazi hakuwa ameficha nia yake. Alimwambia baba kwenye simu, na simu ya baba inasikika mpaka jikoni, kwamba anakuja Migori kuona nyumba ninayolelewa. Akiona vizuri, atamshukuru Mungu. Akiona vibaya, anarudi Homa Bay na mtoto wake. Mtoto wake ni mimi.

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mama yangu alipofariki nilikuwa mdogo wa darasa la tatu. Baba wakati huo alikuwa fundi wa pampu za maji kwenye machimbo ya dhahabu, leo Masara, kesho Macalder, analala popote palipo na shimo lililojaa maji. Shangazi ni dada yake mkubwa. Siku ya mazishi alinifunga sweta vifungo vyote mpaka shingoni, akanishika mkono, akaenda na mimi. Hakuna mtu aliyemwomba. Nililala kwenye kitanda chake, nikala samaki wake, nikasoma shule ya msingi yote nikinukia mafuta, kwa sababu kazi yake ni kukaanga samaki na kuwauza karibu na ziwa. Sijui ningekuwa mtu wa aina gani bila yeye. Huenda nisingekuwa mtu kabisa.

Halafu baba akafungua karakana Migori mjini, akaoa, akaniita nije nisome sekondari nikitokea nyumbani. Shangazi alikubali kwa mdomo.

Mke wa baba anatoka Malindi. Sipendi neno mama wa kambo, lina sauti ya mlango unaofungwa, kwa hivyo tangu mwanzo nimemwita mama mdogo. Alikuja huku kuuza leso, akakaa. Watu wa mtaa humcheka Kiswahili chake kirefu, wanasema anaongea kama redio. Lakini mimi ni mtu wa haya, tena haya mbaya, ile ya kujua jibu darasani na kukaa nalo mpaka kengele igonge, na yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye hakuniuliza mbona nimenyamaza. Alinipa tu kitu cha kufanya na mikono. Yeye anakaa kwenye mbuzi akikuna nazi, mimi nachambua mchele, yeye anaongea. Baada ya miezi kadhaa nikajikuta na mimi naongea. Sikumbuki ni siku gani nilianza. Kwa hilo peke yake namshukuru.

Kwa hivyo siku ile nilikuwa na jambo moja moyoni: nilitaka kubaki. Na sikutaka shangazi aumie. Sikujua kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye nyumba moja.

Mama mdogo naye alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Alikuwa hajawahi kukutana na wifi yake uso kwa uso. Aliniuliza mara nyingi shangazi anapenda nini, nami nikamwambia samaki, maana ndiyo kweli. Akafikiri. Kisha akasema, "Mtu wa ziwa nimpikie samaki wa ziwa? Atanipima kama mwalimu. Nitampa kitu ambacho ziwa lake halina."

Akampigia kaka yake, anayefanya kazi kwenye ghala la barafu la samaki huko Malindi. Kaka yake akatuma boksi jeupe kwa basi, limezungushiwa utepe wa gundi mpaka halionekani. Tulilifungua juu ya meza ya jikoni. Ndani ya barafu kulikuwa na mikia ya kamba koche.

Mimi nilikuwa sijawahi kumwona kamba koche isipokuwa kwenye picha. Kila mkia ulikuwa mnene kama mkono wangu, umevaa vipande vya gamba gumu vilivyopangana kama mabati ya paa, rangi ya matope ya kijani yenye madoa. Nilimuuliza huyu ni samaki au ni mdudu. Mama mdogo akasema ni mfalme, nimheshimu.

Jirani yetu, ambaye ni Msabato, alikuja kuazima ungo akaiona mikia. Aliuliza kama mnyama huyo ana mapezi na magamba kama ya samaki. Mama mdogo akamwambia hapana. Jirani akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa, akachukua ungo akaenda. Baadaye alimtuma binti yake na ndimu za mti wao, akasema kwamba yeye mchango wake ni huo. Tulicheka. Bahati yetu shangazi ni Mkatoliki, anakula mpaka mumi na kamongo, samaki ambao Wasabato hawagusi, la sivyo hadithi hii ingeishia mlangoni.

Basi tukapika. Tuliiacha mikia kwenye maji baridi mpaka ikalainika. Mama mdogo akachukua mkasi, ule ule wa kukatia nyuzi, akaosha kwa maji moto, akanionyesha jinsi ya kupasua gamba la mgongoni kutoka kwenye shingo kuelekea mkiani, bila kufika mwisho. Unaingiza vidole taratibu, unaibandua nyama, unaivuta juu, unailaza juu ya gamba lake kama mtu aliyelala juu ya kitanda chake. Kuna uzi mweusi katikati, huo unautoa. Wa kwanza niliuharibu ukawa vipande. Aliuweka upande akasema huo utakuwa wa mpishi.

Tukapaka vitunguu saumu vilivyopondwa, chumvi, ndimu ya jirani, pilipili kidogo. Nazi tulikuwa nayo, maana mama mdogo hakai nyumba isiyo na nazi, hata kama inabidi itoke mbali. Alikamua tui zito akaliweka kwenye sufuria ndogo na bizari, likachemka polepole huku nikilikoroga upande mmoja tu kama alivyonifundisha, lisikatike. Mikia tuliiweka juu ya jiko la makaa, gamba chini. Hapo ndipo nilipoduwaa. Ile rangi ya matope iligeuka mbele ya macho yangu ikawa nyekundu, nyekundu ya leso mpya, na nyama iliyokuwa kama kioo ikawa nyeupe kabisa. Nikasahau kila kitu. Nilisahau hata mfuko, ambao wakati huo shangazi alikuwa ameuweka chini ya kiti chake sebuleni.

Kwa sababu yeye alikuwa ameshafika, na alikuwa anakagua. Aliingia chumbani kwangu akabonyeza godoro. Akaangalia kucha zangu. Akaniuliza kwa Dholuo kama nashiba, nikasema nashiba, akaniangalia kuona kama nasema kweli. Ndoo yake ilikuwa na ngege wabichi, wale sato wa ziwani, wamepasuliwa na kusafishwa, wakubwa wa kujaza sahani. Mama mdogo aliwapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawaweka kwenye friji wawe wa kesho, kwa kuwa leo chakula kilikuwa tayari. Shangazi alifunika ndoo yake. Lakini mimi namjua. Aliitazama friji ikifungwa.

Baba alirudi kutoka karakana mapema, ameoga, amevaa shati la harusi za watu. Aliomba ugali uwepo, maana kwake wali ni kitu cha kusindikiza. Tukaandaa ugali, wali wa nazi, sukuma, na katikati ya meza ile mikia myekundu inang'aa kwa tui. Shangazi akaomba, akafanya ishara ya msalaba. Mama mdogo akachagua mkia mkubwa kuliko yote, akauweka kwenye sahani ya shangazi, akauelekeza kwake, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Nikaona kosa wakati huo, na tayari lilikuwa limekaa mezani.

Nyumbani kwa shangazi, mgeni hupewa samaki mzima, na kichwa kinamwelekea yeye. Kama samaki ni mkubwa amekatwa, mgeni hupewa upande wa kichwa. Mkia ni wa mtoto aliyechelewa kurudi kutoka kucheza ziwani. Au ni wa mtu asiyetakiwa. Nilishuhudia kwa macho yangu: mwanamume mmoja wa ukoo alikuja pale kudai kipande cha shamba cha marehemu mume wake, shangazi akamkaribisha vizuri, akamnawisha mikono, akamwekea mkia. Mtu yule aliutazama, akasema ana safari, akaondoka bila kuuliza tena habari za shamba. Shangazi hakuwa amefungua mdomo.

Na mimi, niliyekulia pale, nilikuwa nimepika mikia mchana kutwa bila kukumbuka. Kwangu vile vitu havikuwa samaki. Vilikuwa maajabu tu.

Shangazi aliinama akatazama sahani yake. Akatazama sahani ya baba: mkia. Akatazama sinia: mikia. Kisha akauliza polepole, kwa Dholuo, "Ere wiye?"

Kichwa chake kiko wapi. Baba alielewa, na papo hapo akakumbuka kwamba hakufunga lango. Akatoka. Baba yangu ni mtu mwema, anaweza kuingia kwenye shimo lenye maji mpaka kifuani, lakini kati ya dada yake na mke wake hawezi kukaa.

Mama mdogo aliniangalia nimtafsirie. Nikamwambia anauliza kichwa. Uso wake ukachangamka, akadhani ni mapishi yanaulizwa. "Vichwa vilibaki Malindi, wifi," akasema. "Huku tumeletewa mikia tu."

Shangazi akaitika kwa kichwa, taratibu. Akasema kwa Kiswahili, ili asikike vizuri, "Kumbe vichwa vina wenyewe."

Hakupandisha sauti. Aliisukuma sahani kwa kidole kimoja, kiasi cha upana wa kidole hicho, akasema yeye atakunywa chai. Kisha akapeleka mguu nyuma chini ya kiti, akaugusa ule mfuko kana kwamba anahakikisha uko. Mama mdogo alibaki amesimama na kijiko. Hakujua amefanya nini, ila alijua limekwisha fanyika. Mgeni anayeomba chai mbele ya chakula amekwisha kuondoka, amebakisha mwili tu.

Nilitaka kueleza. Maneno yote nilikuwa nayo: kwamba huyu mnyama kichwa chake ni pembe na ganda, kwamba huko pwani hukikata ili nyama isiharibike kwenye barafu, kwamba mkia ndio wenye heshima yake yote. Nilifungua mdomo, yakagoma kama darasani. Ningekaa nayo mpaka kengele.

Kwa hivyo nilisimama, nikachukua sahani ya shangazi. Sikuomba ruhusa. Sijawahi kumwondolea mtu mzima sahani mbele yake, na nilihisi masikio yangu yakiwaka. Nikaenda nayo jikoni.

Nilifungua friji nikamtoa ngege mmoja, aliye mkubwa. Nikamkata kichwa na sehemu ya shingo, nikakipaka chumvi, nikawasha gesi. Kazi hiyo sihitaji kufundishwa na mtu, mikono yangu ilifanya yenyewe. Mafuta yakaruka. Mama mdogo akaingia, akafunga mlango nyuma yake, macho yamejaa.

"Nimekosea nini, mwanangu?"

Nikamwambia bila kugeuka, nisije nikanyamaza tena. "Kwao mgeni hapewi mkia. Ukipewa mkia umefukuzwa."

Akaweka mkono mdomoni. Akakaa kwenye mbuzi ya nazi, maana ndicho kiti kilichokuwa karibu, akasema kwamba amemfukuza wifi yake kwa kitu cha thamani kuliko vyote alivyowahi kupika. Halafu akaanza kucheka huku analia, na mimi nikaanza, tukawa tunazibana midomo kusudi sebuleni wasisikie. Alipoona ninachofanya, hakuuliza. Alisimama, akakata ndimu, akakamulia kichwa kile kikiwa bado kinachemka mafuta.

Tulikiweka mbele kwenye sahani ile, upande wa mgeni, na mkia wa kamba koche nyuma yake, tukaunganisha shingo kwa shingo, mama mdogo akamwaga tui pale kwenye maungio kama fundi anayeziba ufa. Ilikuwa sura ya kuchekesha sana. Mbele uso wa ngege wa Homa Bay, mdomo wazi, amekaangwa akakauka. Nyuma koti jekundu la kifalme. Nikaibeba mpaka mezani nikaiweka, kichwa kwa shangazi.

Baba alikuwa amerudi kutoka langoni. Akaangalia sahani, akaangalia dari.

Shangazi aliinamia sahani. "Huyu ni nani?" akauliza.

Nikajibu. Sauti yangu ilitoka, nyembamba lakini ilitoka. "Ametoka Homa Bay na Malindi, waya. Ametimia."

Waya ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Dholuo. Nadhani lile neno la mwisho ndilo lililomfikia, au huenda ni kule kuniona nimesema mbele ya watu. Alinitazama, akamtazama mama mdogo aliyekuwa mlangoni na mafuta kwenye shavu, akatazama tena yule mnyama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Shangazi akicheka hatoi sauti mwanzoni, sauti inakuja baadaye, na ilipokuja baba naye akaangua, wakacheka kama watoto wawili wa mama mmoja, ambavyo ndivyo walivyo.

Alianza na kichwa, kama kawaida yake. Alikimaliza mpaka mashavu, mpaka jicho. Kisha akahamia kwenye mkia. Alichukua kipande kidogo na ugali, akatafuna akitazama ukutani, akachukua kikubwa zaidi. Alisema nyama ni tamu, lakini mnyama amevaa kama askari anayeogopa watu. Akamwambia mama mdogo aketi, mbona amesimama kwenye nyumba yake. Hayo maneno, kwenye nyumba yake, niliyasikia peke yangu au sote tuliyasikia, sijui. Hatukutazamana.

Baada ya hapo waliongea wao. Mama mdogo alimweleza kwa mikono jinsi pembe za kamba koche zilivyo ndefu kuliko mwili, na shangazi akasema basi siku nyingine aje na pembe zake, yeye haogopi pembe. Aliuliza habari za tui. Aliuliza mkasi. Alitoa siri yake ya kukaanga ngege asigande kwenye kikaangio, ambayo mimi nilidhani ni yangu na yeye tu, na nikafurahi kuisikia ikitolewa. Chai ilikuja baadaye, mahali pake.

Asubuhi aliufungua mfuko. Nilikuwa chumbani napangapanga vitu visivyohitaji kupangwa. Aliingia, akafungua sanduku langu la nguo, akatoa moja moja, akaipima kwa macho juu ya mabega yangu, akaikunja upya, akairudisha. Mpaka alipofika kwenye sweta la shule ya msingi, lile alilonifunga vifungo siku ya mazishi. Sikumbuki kwa nini nilikuwa nalo bado. Akalinyoosha kwenye mkono wangu, akaona mikono ya sweta inaishia kwenye kiwiko changu.

"Hili limekuwa dogo," akasema. Akalitia mfukoni. Hakutia kingine changu.

Juu yake mama mdogo akaongeza nazi mbili, bizari kwenye karatasi, na magamba yote mekundu, yameoshwa na kukaushwa, ambayo shangazi mwenyewe aliyaomba. Alipanda pikipiki ameukumbatia mfuko mbele, umejaa. Alimwambia mama mdogo aje Homa Bay kabla ya Krismasi, na aje na njaa. Mimi alinifunga tu kifungo cha juu cha blauzi, kilichokuwa tayari kimefungwa, alikifungua akakifunga tena.

Alipiga simu juzi. Ameyatundika magamba juu ya meza yake ya samaki, na wateja hawaishi kusimama kuuliza ni mnyama gani, na mbona ni mkia mtupu, kichwa kilienda wapi.

"Nawaambia kichwa nilikila Migori," akasema, akaomba azungumze na wifi yake. Nikampa mama mdogo simu, nikarudi kuchambua mchele, nikiwasikiliza.